Kuzalisha Mbwa Adimu wa Kijapani Nyanda za Juu Kusini: Hesabu Damu Kabla ya Kupandisha

Mtu wa Mafinga, Njombe au Uyole anayepata jike la Shiba au la Akita huulizwa swali moja kabla hata mbwa mwenyewe hajazoea banda: atazaa lini? Majirani huuliza kwa nia njema, maana wamezoea kwamba mnyama wa kigeni ni mtaji, kama alivyo ng'ombe wa maziwa. Mwongozo huu unaanzia mbali na swali hilo. Kumpandisha jike ni kazi ya nusu saa, ilhali kujua kama alistahili kupandishwa, na kwa dume yupi, ni kazi ya miaka miwili au zaidi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mezani, kwa kalamu na daftari, kabla dume hajafika uani.

Wajue kabla ya kuwazalisha

Japani ina aina sita za mbwa wa asili ambazo serikali yake ilizitangaza kuwa kumbukumbu za asili za taifa katika miaka ya 1930: Akita mwaka 1931, Kai na Kishu mwaka 1934, Shiba mwaka 1936, Shikoku na Hokkaido mwaka 1937. Aina ya saba, Koshi, nayo ilitangazwa mwaka 1934, lakini haikunusurika. Mbwa wa Ulaya walioingia nchini humo tangu enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, walikuwa wamechanganyika na wa wenyeji kiasi kwamba mbwa halisi walianza kutafutwa vijijini na milimani. Chama cha kuhifadhi Akita, Akiho, kilianzishwa mwaka 1927 katika mji wa Odate, na mwaka uliofuata Hirokichi Saito na wenzake wakaanzisha Nippo, chama cha mbwa wote wa asili. Kisha vikaja vita, njaa na ugonjwa wa distempa, na waliobaki wakawa wachache mno. Shiba wa leo wamejengwa upya kutokana na mabaki ya koo chache, zinazotajwa zaidi zikiwa za Shinshu, Mino na San'in.

Nimeieleza historia hiyo kwa sababu ina uzito katika kila uamuzi utakaoufanya. Mbwa hawa wote walipita katika mlango mwembamba, kwa hiyo hata wawili ambao vyeti vyao havionyeshi babu wa pamoja wana undugu wa zamani usioonekana kwenye karatasi. Undugu wowote utakaouongeza wewe unajumlishwa juu ya huo.

Kwa hesabu ya dunia, Shiba na Akita si adimu tena. Walio wachache kweli, hata kwao, ni wale wanne wa umbo la kati, yaani Kai, Kishu, Shikoku na Hokkaido. Lakini mzalishaji aliyeko Iringa hahesabu mbwa wa Tokyo. Anahesabu mbwa wasio ndugu ambao anaweza kuwafikia kwa gari ndani ya siku moja au mbili, na kwa hesabu hiyo hata Shiba ni adimu. Tosa, mbwa mkubwa wa kupiganishwa, simzungumzii hapa. Uingereza ilimwekea masharti makali kwa sheria ya mwaka 1991, na sioni sababu ya kumleta katika miji ambayo watoto wanakwenda shule kwa miguu alfajiri.

Urefu wa begani utakusaidia kutambua kama unachouziwa ndicho kilichotajwa. Dume la Shiba hufikia sentimita 40 hivi na jike 37; wale wa umbo la kati huwa karibu na 52 kwa dume na 46 kwa jike; Akita dume hufikia 67 na jike 61. Angalia pia kwamba shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, linahesabu Akita wa Japani na Akita wa Marekani kuwa aina mbili tofauti. Mwenye barakoa nyeusi usoni, au mabaka makubwa ya rangi juu ya mwili mweupe, ni wa upande wa Marekani, na kumpandisha kwa Akita wa Kijapani kisha kuwaita watoto kwa jina la aina moja ni udanganyifu, hata kama wewe mwenyewe hukujua.

Hali ya hewa yetu inawafaa. Manyoya yao ya tabaka mbili yaliumbwa kwa milima yenye theluji, na mtu wa Makete anayeamka mwezi Juni akakuta umande umeganda juu ya majani atakubali kwamba mbwa hao hawatashangaa. Mbeya mjini, penye mwinuko wa takriban mita 1,700, panatosha kabisa. Tatizo huanza mtoto anapouzwa Kyela au Usangu, ambako joto ni jingine, na mzalishaji anapaswa kumweleza mnunuzi kuhusu kivuli, maji na saa za matembezi kabla ya kupokea fedha.

Daftari la damu

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mbwa wa ukoo ndiye mali ya namna hiyo hasa. Mpe kila mbwa ukurasa wake. Andika jina lake la cheti, namba ya chipu iliyo chini ya ngozi yake, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 15, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, na wahenga wake hadi kizazi cha tano ikiwezekana. Muuzaji asiyeweza kukupa nakala ya cheti cha ukoo chenye angalau vizazi vitatu anakuuzia mbwa wa kufuga tu. Mnunue ukimpenda, lakini usimzalishe.

Sasa fanya hesabu. Chukua mfano wa kawaida: umenunua dume mmoja na majike mawili ambao hawana undugu wa karibu. Kizazi cha kwanza hakina neno. Lakini watoto wa jike la kwanza na watoto wa jike la pili ni ndugu wa baba mmoja, na ukiwapandisha wao kwa wao, kila mtoto atakayezaliwa atakuwa na uwezekano wa asilimia 12.5 kwamba, mahali popote utakapopima katika jeni zake, amerithi nakala ileile kutoka kwa mama na kwa baba. Ndugu wa tumbo moja wakipandishwa, uwezekano huo ni asilimia 25, na baba kwa binti yake ni asilimia 25 vilevile. Binamu wa kwanza huleta asilimia 6.25. Kadiri tarakimu hiyo inavyopanda, ndivyo jeni mbovu zilizokuwa zimejificha zinavyokutana, na mfugaji huanza kuona mambo ambayo hayana jina moja: jike aliyekuwa akizaa watano sasa anazaa wawili, watoto wanafifia siku ya tatu, madume yanapandisha bila kutia mimba.

Kwa hiyo dume mmoja na majike mawili hawatoshi kuanzisha chochote zaidi ya kizazi kimoja. Kanuni yangu ni kali, na wengine wameiona kuwa ya kupita kiasi: usimpandishe jike kabla hujaweza kutaja kwa jina dume au jike atakayepandishwa na watoto wake. Ukishindwa kumtaja, basi unatengeneza kizazi cha mwisho, na ni afadhali kujua hivyo mapema.

Njia ya kutoka ni ushirika. Wafugaji watatu, mmoja Mbeya, mmoja Njombe na mmoja Iringa, wakikubaliana kwamba kila mmoja atanunua mbwa kutoka chanzo tofauti, watakuwa na damu nyingi kuliko tajiri mmoja mwenye mbwa kumi wa nyumba moja. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako na Mafinga, na safari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kutumia dume wa jirani kwa kuwa tu yuko karibu. Kwa vyanzo vya nje, Nairobi kuna chama cha siku nyingi cha vyeti vya mbwa, East Africa Kennel Club, na Afrika Kusini wafugaji ni wengi zaidi. Mbwa anayeingizwa nchini anahitaji kibali cha wizara inayosimamia mifugo, cheti cha afya kutoka nchi anakotoka na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Shughulikia kibali kwanza, kisha ndipo ulipie mbwa, kwani mpaka wa Tunduma si mahali pa kuanza kutafuta karatasi.

Dume mwenye sura nzuri naye ni hatari ya aina yake. Kila mtu humtaka, na baada ya miaka minne watoto wote wa mkoa wanakuwa ndugu. Mfugaji mwenye dume kama huyo awe na ujasiri wa kukataa fedha baada ya mizao michache, hata kama majike yanayoletwa ni mazuri.

Niliwahi kukosea mwenyewe katika jambo hili. Niliuza dume na jike wa tumbo moja kwa watu wawili wa mtaa mmoja, nikidhani kwamba hawajuani. Miezi kumi na minne baadaye nilitumiwa kwenye simu picha ya watoto watatu, pamoja na salamu za furaha na ombi la kuwaandikia vyeti. Nilikataa kuandika, urafiki ukapoa, lakini kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa na daftari na sikulifungua siku ya kuuza.

Magonjwa ya ukoo

Hapa ndipo mzalishaji anapotofautiana na mwenye mbwa anayezaa. Kuna magonjwa yanayopimika na yasiyopimika, na kila kundi lina namna yake.

Yanayopimika ni rahisi kuyaeleza. Shiba wana ugonjwa wa kurithi uitwao GM1, unaoharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto huonekana mzima hadi miezi mitano au sita, kisha huanza kuyumba, kutetemeka na kupoteza uwezo wa kuona, na kwa kawaida hafikishi mwaka mmoja na nusu. Jeni yake ni fichi: mbwa mwenye nakala moja ni mbebaji asiyeumwa maisha yake yote, na wabebaji wawili wakipandishwa, mtoto mmoja kati ya wanne kwa wastani hupata ugonjwa. Kipimo cha vinasaba kinatokana na ute wa shavuni, unaokusanywa kwa kijiti chenye pamba, ukaachwa ukauke na kutumwa kwa posta kwenye maabara ya nje, hivyo kuishi Ludewa au Mbozi si kisingizio. Hokkaido nao wana kasoro ya kurithi ya sehemu ya nyuma ya jicho, ambayo pia ina kipimo cha vinasaba na imeenea sana katika aina hiyo.

Wengi hukosea wanapopata majibu. Mfugaji aliyesoma kidogo humwondoa kila mbebaji kwenye uzazi, akidhani amesafisha damu. Katika aina yenye mbwa wengi huenda hilo lisidhuru, lakini penye mbwa kumi na wawili, kuwaondoa watatu ni kutupa robo ya damu yote kwa sababu ya jeni moja. Mbebaji mwema apandishwe kwa mbwa aliye safi. Hakuna mtoto wao atakayeugua. Watoto wapimwe, na kizazi kinachofuata kichukue walio safi kidogo kidogo.

Viungo hupimwa kwa mikono na kwa eksirei. Goti lina mfupa mdogo ambao Kiswahili kinauita kilegesambwa, jina ambalo daima hunifanya nitabasamu ninapolitaja mbele ya Shiba, kwa kuwa ndio unaowasumbua: huteleza nje ya mfereji wake, mbwa akainua mguu kwa hatua mbili tatu, kisha akaendelea kama hakuna kitu. Daktari wa mifugo aliyezoea mbwa huugundua kwa vidole na kuupa daraja, kuanzia sifuri hadi nne. Nyonga zinahitaji picha ya eksirei ikiwa mbwa amefikisha miaka miwili, na kwa Akita, kutokana na uzito wake, usiliache jambo hili. Ikiwa hakuna mashine karibu nawe, uliza hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na uunganishe safari hiyo na shughuli nyingine.

Yasiyopimika ndiyo yanayotisha. Akita wana ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia seli zenye rangi: macho huwa mekundu na kuuma, kisha huingia ukungu, pua na midomo hupoteza weusi, na mbwa anaweza kupofuka kabisa. Wana pia ugonjwa unaoharibu tezi za mafuta za ngozi, manyoya yakakatika na kuacha magamba. Yote mawili mara nyingi huonekana mbwa akiwa amekwisha kufikisha umri wa kuzaa, na hakuna kipimo cha kukuonya mapema. Kilichobaki ni subira: tumia dume mwenye miaka mitano au sita ambaye ngozi na macho yake yameshajibu swali, waulize wenye ndugu zake wanaendeleaje, na usimpandishe jike kabla ya miaka miwili. Dume kijana aliyeshinda maonyesho hana ushahidi huo.

Ukungu wa macho una mtego mwingine kwa sisi tulio karibu na nyika. Mbwa aliyewahi kufika pembezoni mwa Ruaha au maeneo ya Chunya yenye mbung'o anaweza kupata nagana, nayo pia huweka ukungu machoni. Kabla hujamwondoa Akita kwenye uzazi kwa kudhani ni ugonjwa wa ukoo, au kabla hujampuuza kwa kudhani ni mbung'o, damu yake itazamwe kwenye hadubini.

Damu yenyewe inahitaji maelezo. Baadhi ya Akita na Shiba, na jamaa zao wa Asia Mashariki, wana chembe nyekundu zinazohifadhi potasiamu nyingi kuliko za mbwa wengine, na mara nyingi chembe hizo huwa ndogo. Sampuli ikichukuliwa Makete asubuhi na kufika maabara ya Iringa jioni bila kutenganishwa, potasiamu hutoka kwenye chembe na majibu huonyesha mbwa aliye karibu kufa, ilhali yuko nyumbani anabweka. Mwambie daktari atenganishe majimaji na chembe mara tu baada ya kuchukua damu, na aandike aina ya mbwa kwenye fomu. Udogo wa chembe nao usichukuliwe haraka kuwa ni upungufu wa madini ya chuma.

Jambo hilohilo linaingia jikoni. Kitunguu hupasua chembe nyekundu za mbwa yeyote, lakini wenye chembe za potasiamu nyingi hudhurika zaidi. Makombo ya nyumba zetu yana kitunguu karibu kila siku, kuanzia mchuzi wa maharage hadi kachumbari, na vitunguu saumu ni hivyohivyo, vibichi au vilivyopikwa. Mbwa hawa wapikiwe chakula chao peke yake: dona, dagaa waliooshwa chumvi, utumbo, mayai, bila kiungo chochote.

Joto na kupandisha

Jike huingia joto mara moja kila miezi sita hadi minane hivi. Siku za kwanza, kwa wastani tisa, hutoka damu na kumkataa dume. Siku zinazofuata damu hupauka na yeye husogeza mkia pembeni akiguswa mgongoni. Kupandisha mara mbili kwa kupishana siku moja, kuanzia siku anapokubali, hutosha. Wanaponasana, wanaweza kukaa hivyo kwa dakika 10 hadi 30, na yeyote anayewamwagia maji au kuwavuta anaweza kuwajeruhi vibaya. Daktari mwenye hadubini anaweza kutazama utando wa uke kujua kama siku zimefika, jambo linalofaa sana ikiwa unasafiri kutoka Mbeya kwenda kwa dume wa Iringa.

Tatizo letu kubwa si dume uliyemchagua bali wale usiowachagua. Mbwa wa kienyeji huruka ukuta wa futi tano akisikia harufu, na jike anaweza kubeba mimba ya madume mawili katika tumbo moja. Mfungie ndani ya chumba chenye mlango kwa wiki tatu kamili, hata kama damu imekoma. Sina dharau kwa mbwa wa kienyeji. Ni mstahimilivu, na mtoto wake aliyechanganyika na Shiba anaweza kuwa mlinzi mzuri. Asiuzwe tu kwa jina ambalo si lake.

Ukiweza kuchagua msimu, pandisha Julai au Agosti ili watoto wazaliwe Septemba au Oktoba, baada ya baridi kali na kabla ya mvua za Novemba kugeuza ua kuwa tope.

Mimba na kuzaa

Mimba huchukua siku 63 hivi. Chakula kiongezwe kuanzia wiki ya tano au ya sita, na usimpe jike vidonge vya kalisi wakati wa mimba kwa kudhani unamwimarisha, kwa sababu mwili hujisahaulisha kuitoa kwenye mifupa na anaweza kupata degedege akinyonyesha. Shiba huzaa wachache, mara nyingi watatu. Akita anaweza kuzaa saba au wanane.

Wiki ya mwisho mpime joto asubuhi na jioni. Kawaida yake ni karibu nyuzi 38, na likishuka chini ya 37.2, uzazi uko ndani ya saa 24 hivi. Kuwa na namba ya daktari aliye tayari kuja usiku, na muafikiane kabla. Mwite daktari ikiwa jike anasukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, akipumzika zaidi ya saa mbili ilhali tumboni bado kuna watoto, au akitoa uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza. Asichomwe sindano ya kuongeza uchungu na mtu asiyejua mtoto amelala vipi. Sindano hiyo imepasua vizazi vingi.

Chumba cha kuzalia ndicho ninachokisisitiza zaidi kwa watu wa Njombe na Makete. Kitoto kichanga hakiwezi kujipatia joto, na wiki ya kwanza kinahitaji nyuzi 29 hadi 32 pale kilipolala. Usiku wa milimani huweza kuwa na nyuzi tano. Mazoea yetu ni kuingiza jiko la mkaa na kufunga dirisha, na asubuhi unakuta mama na watoto wamekufa bila jeraha, kwa sumu ya gesi isiyo na harufu. Tumia chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa nguo, zibadilishwe kila baada ya saa mbili, au taa ya joto ya vifaranga iliyoning'inizwa juu kiasi kwamba mama hawezi kuigusa. Acha kona moja isiyo na joto ili wenye kuhemewa wasogee. Maranda kutoka mashine za mbao za Mafinga yanafaa kwa banda la mbwa wakubwa, lakini vumbi lake huingia puani mwa vitoto, hivyo kwao weka blanketi kuukuu zinazofuliwa kila siku.

Wote wanyonye dang'a siku ya kwanza. Pima kila kimoja kwa mizani ya jikoni saa ileile kila siku, ukiandika. Kitoto kizima huongezeka asilimia tano hadi kumi kwa siku, na kisichoongezeka kwa siku nzima kina tatizo hata kama kinaonekana kimelala vizuri. Maziwa ya ng'ombe hayatoshi mahali pa ya mama, kwa kuwa mafuta na protini yake ni kidogo mno.

Wiki nane za malezi

Dawa ya minyoo hutolewa wiki ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, kwa mama na watoto pamoja. Chanjo ya distempa na parvo huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu. Uliza chanjo ilisafirije. Iliyokaa kwenye basi kutoka mjini bila barafu ni maji tu, na mwenye duka la dawa za mifugo asiyeweza kukuonyesha friji yake usinunue kwake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe isipakwe kwa mama anayenyonyesha kwa kukadiria.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya 12 akili ya mtoto iko wazi, na aina hizi zisipozoeshwa mapema huwa ngumu. Shiba, Kai na wenzao ni wawindaji, na Akita mara nyingi hawapatani na mbwa wa jinsia moja nao. Watoto wamwone kuku akitembea huku wameshikwa, wasikie bodaboda, washikwe na watoto na wazee, watembee juu ya saruji, majani na bati. Mbwa wa miezi kumi aliyeua kuku wa jirani mara tatu atarudishwa kwako au atapewa sumu. Wasiondoke kabla ya wiki nane.

Siku ya kuuza

Mkataba uwe wa maandishi, wa Kiswahili, ukurasa mmoja. Utaje namba ya chipu, mbwa asipandishwe kabla ya miaka miwili na kabla ya vipimo vilivyotajwa, na kwamba mwenye kushindwa kumfuga atamrudisha kwako katika umri wowote, nawe utampokea. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachokuzuia kuzalisha wengi kuliko nafasi ya ua wako. Anayetaka mbwa wa kufuga tu ahimizwe kumfunga kizazi, na katika daftari jina lake liwe kwenye orodha tofauti. Mwenye haraka sana ya kujua bei ya watoto wa baadaye, mimi humwacha aende.

Baada ya mtoto kuondoka, ukurasa wake haufungwi. Piga simu akifikisha miezi sita, umri ambao GM1 huanza kujionyesha. Piga tena akifikisha miaka miwili kuuliza nyonga na magoti, na kisha kila mwaka kuuliza macho na ngozi. Majibu yaandikwe mara mbili, kwenye ukurasa wa mtoto na kwenye ukurasa wa mama yake, kwa wino mwekundu yakiwa mabaya. Jike akiingia joto tena, soma ukurasa huo wote kabla hujampigia simu mwenye dume.